Huyo Lazima ni Seleman

Jumatatu, 16 Juni 2025

Daftari langu, niwie radhi. Nilikununua mwanangu Zaidi hajaota hata jino, nikaapa nitaandika kila siku. Leo Zaidi mdomo umejaa meno na yote anayajaribia kwangu. Usingizi ndio ulionizidi, si dharau. Halafu sikuwa na la siri. Sasa ninalo.

Nimeomba nafasi! Kuna karakana ya ndege huko Dar inachukua watu wa kuwafundisha umeme wa ndege. Si kurusha. Si injini. Redio anayoongelea rubani, zile saa zinazomwambia yuko juu kiasi gani, taa, na nyaya zote zilizofichwa tumboni. Tulipokuwa tunaishi Maparoni na mume wangu, kindege cha kwenda Mafia kilikuwa kikipita juu yetu, nami nimeinama matopeni, nawaza ni nani anayekifanya kijue njia. Sasa nimemjua. Nataka kuwa yeye.

Aliyeniletea habari ni Fundi Muhidini. Huu mwaka wa pili namkalia kibandani kwake hapa Bungu, nachoma lehemu kwenye redio na spika za watu. Kasema mkono wangu hautetemeki na nafasi hii ni saizi yangu. Maneno mazuri. Nimelala nikijiuliza anataka nini.

Nikamwuliza njia ya kufika huko. Akasema ziko tatu. Ya kwanza, kidato cha sita chenye fizikia na hesabu, kisha chuo. Ya pili, cheti cha kidato cha nne na ufundi wa elektroniki mkononi, unaingia karakana chini ya fundi mwenye leseni, kila unachogusa anakikagua na kukisainia, miaka inakwenda, mpaka unafanya mitihani ya leseni yako mwenyewe. Ya tatu, jeshi. Njia tatu kwa mlango mmoja! Mtu akikuonyesha njia tatu, ujue ya nne anaipita mwenyewe. Nimechagua ya pili. Ya kwanza imenipita, na jeshini hawapigi kwata na mtoto mgongoni.

Cheti ninacho. Fizikia C. Hesabu D, ila ni D ya mwaka mgumu. Kiingereza kilipita kwa kujibana ukutani, lakini kilipita.

Usaili utafanyika Kibiti. Watapiga simu kusema siku. Asiyepigiwa ajue amekosa. Kwa hiyo simu nalala nayo.

Anayejua ni Muhidini, na Tahiri mume wangu aliyeko Maparoni anakovua kaa, na wewe. Wifi yangu Mwanamkuu, dada yake Tahiri, tunayekaa naye nyumba moja, hajui na hatajua. Mwanamkuu naye ana cheti. Jana kaniuliza kwa nini vidole vyangu vinanuka lehemu. Swali la bure hilo? Hakuna swali la bure.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya ushindi! Andika, daftari.

Lakini kwanza Seleman. Seleman ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo ni mtani wangu toka tumboni. Binamu wa namna hiyo kwetu tumeumbwa kutukanana. Nisipomtukana, mama yake ananiuliza kama naumwa. Anakaanga chipsi mbele ya mashine ya kusaga. Na mwaka jana alinipigia simu kwa sauti nzito, akasema yeye ni bwana mkubwa kutoka mkoani anakuja kukikagua kikundi chetu cha kina mama. Nikatoa doti mpya ya khanga. Nikawapanga kina mama barabarani kwa urefu. Akaja Seleman juu ya baiskeli, anapuliza filimbi, anatupungia mkono. Bungu nzima ilicheka, hata mbuzi. Nikaapa: huyu hanipati tena maishani.

Leo adhuhuri simu ikalia. Namba ngeni. Mwanamume, sauti nzito, ya upole, ya mtu aliyevaa soksi. Akasema yeye ni Mwalimu Haidari wa karakana ya ndege, je, anaongea na Swaumu Abubakary?

Nikamjua hapo hapo! Nani anayeniita jina na la baba, kama si mtu anayejifanya hanijui?

Nikamwachia mzigo wote. Nikamwambia sauti yake imekuwa ya fisi aliyemeza kuku na kamba yake. Akasema samahani dada, hajanielewa. Nikamwambia atanielewa siku akifa, maana msibani kwake mimi ndiye nitakayerithi vyombo, sufuria lake la chipsi nishaliwekea alama, na sanda nitaikata fupi miguu ibaki nje ipigwe upepo. Akasema, taratibu kama anayempita ng'ombe mkali, kwamba usaili ni Jumanne tarehe 24, Kibiti, saa tatu asubuhi, nije na cheti halisi. Nikamwambia na yeye aje na meno yake halisi.

Simu ikakatika. Nilicheka mpaka Zaidi akaliachia ziwa anitazame.

Jioni nikapita kwenye chipsi kumringia. Nikamwambia leo umenikosa, fisi wee. Seleman akasema amenikosa na nini, simu yake ina mwezi sasa tangu iangukie kwenye karai la mafuta na ameshindwa hata kuizika. Akaichomoa mfukoni akanionyesha.

Imeiva. Ina rangi ya kahawia pembeni.

Basi aliyepiga alikuwa Mwalimu Haidari mwenyewe.

Ijumaa, 20 Juni

Sikulala. Mtu mwingine angepiga simu aombe radhi. Ndiyo makosa ya watu wengine: ukiomba radhi umekiri. Nikapata akili.

Baada ya sala ya Ijumaa nimempigia Mwalimu Haidari, nimebana pua. Nikasema mimi ni mama yake Swaumu. Mwanangu aliibiwa simu jana na kichaa mmoja wa pale stendi, mwanamke, akawa anatukana kila anayepiga. Sasa tumeipata, Alhamdulillah. Swaumu mwenyewe ni binti mpole sana, hata kuku anawasalimia.

Mwalimu akasema pole mama. Akauliza huyo kichaa anaendeleaje. Nikasema ametulia. Akauliza kama kichaa naye alisikia tarehe vizuri. Nikasema alisikia, Jumanne saa tatu. Hapo Zaidi akaanza kulia, mama, mama, anavuta gauni. Mwalimu akauliza huyo mtoto ni wa nani.

Nikasema ni wa kichaa.

Nadhani kaamini. Alinyamaza kama mtu aliyeamini.

Jumamosi, 21 Juni

Wananizunguka!

Asubuhi kiatu changu kimoja hakipo. Kimoja! Mwizi anachukua viwili. Anayechukua kimoja hataki kiatu, anataka usifike mahali. Nikatafuta mpaka chooni. Mwanamkuu akanitazama natafuta, akasema labda mbwa. Akageuka haraka.

Mchana nikaenda kibandani. Nani nimemkuta kasimama na Fundi Muhidini, wananong'ona? Mwanamkuu! Aliponiona akasema amekuja kununua betri. Betri za nini? Tochi yake inachaji kwa jua. Nikamwuliza Muhidini alikuwa anataka nini yule. Muhidini akajikuna, akasema alikuwa anauliza mafunzo ya Dar yanachukua muda gani na mtu analala wapi.

Basi. Anataka nafasi yangu. Cheti anacho, nafasi ya kulala ameshauliza, na kiatu kimoja changu anacho.

Na alasiri, kama mvua haijatosha, akashuka mama mkwe. Bi Mwanahalima huyo huyo, kutoka Chumbi, hana taarifa, na kitenge kipya cha kubebea mtoto begani. Amekaa, amekunywa chai, amemtazama Zaidi ananyonya kwa kusimama kama ndama. Akasema mwanangu, huyu sasa anakunyonya na mifupa, ni wakati wa kumwachisha. Akasema atamchukua Chumbi, wakae naye dunguni, kile kibanda cha juu shambani, wakati wa kuvuna, usiku hasikii harufu ya ziwa, siku chache kasahau.

Kasahau! Ndilo neno alilotumia. Nikamwambia Zaidi haendi popote, mimi mwenyewe namwachisha hapa hapa. Akasema haya. Akaongeza, kwa sauti ya kukisemesha kikombe, kwamba msimu uliopita niliwekwa dunguni kufukuza ndege wa mpunga nikalala, wakala nusu jaruba. Sasa nasikia nataka kutengeneza wale wa chuma.

Amejua! Nani kamwambia? Mwanamkuu akawa anafagia mahali palipofagiwa.

Usiku nimelipaka ziwa maji ya mwarobaini, machungu mpaka macho yangu yametoa machozi. Zaidi akaonja. Akakunja uso kama mzee aliyepewa hukumu. Akanitazama, akachukua pindo la khanga yangu, akapangusa vizuri, akaendelea.

Nilitaka kukasirika. Nikamkumbatia.

Jumapili, 22 Juni

Nina mpango wa kummaliza Mwanamkuu. Ni mzuri mpaka naogopa.

Jumanne nitamwachia Zaidi. Mtu mwenye Zaidi hawezi kwenda usaili. Hawezi hata kwenda msalani. Atabaki amefungwa nyumbani kama jahazi lililokaa tope, mimi niko Kibiti.

Nimemwambia kwa upole, wifi yangu, nina safari ndogo Jumanne, nisaidie mtoto. Akasema haya wifi, nenda salama, usiwe na haraka.

Kakubali upesi mno. Sijapenda.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda Kibiti na ndala za Tahiri. Kila hatua zinapiga makofi. Nimefika wa kwanza, nikakaa wa mwisho, mgongo ukutani, nione wanaoingia. Tulikuwa ukumbi mzima, vijana wa Ikwiriri, Utete, wa wapi. Mwanamkuu hayupo. Nikatazama hata chini ya meza.

Mwalimu Haidari ni mtu mfupi, mweusi, mnene kidogo, na soksi kweli anazo. Nilipojibu "nipo" alipoita jina langu, aliinua kichwa. Nikabana pua kidogo nikarudia "nipo".

Kwanza tulipimwa macho. Kadi zina vitone vingi vya rangi, kama aliyemwaga choroko na kunde. Mwalimu akauliza unaona nini. Mimi niliona kumi na mbili, nyekundu, kubwa, hata kipofu angeipapasa. Ndipo nikashtuka. Watu wametoka Dar na gari, na mafuta, waje kuniuliza kitu ambacho Zaidi angekiona? Huu ni mtego. Wanataka kujua nani anasema anachotaka kusikia mkubwa.

Nikasema naona vitone.

Vitone tu? Vitone tu, mwalimu, na anayeona kingine na aseme yeye.

Akageuza kadi ya pili. Vitone. Ya tatu. Vitone. Akashusha pumzi. Akasema pole sana dada yangu, kwenye ndege nyaya ni nyingi na rangi zinatenganisha uhai na kifo, asiyezibagua hatuwezi kumchukua, si kosa lake ni maumbile. Akachukua kalamu.

Daftari, moyo uliniruka kama chura. Nikashika kalamu yake! Nikasema kumi na mbili, ya pili nane, ya tatu ishirini na tisa, nilikuwa nahakikisha kama na mwalimu anaziona.

Akasema alikuwa anaziona. Nikamwambia hongera.

Kisha mikono. Kila mtu kapewa kisanduku kina nyaya, koleo na mita ya kupimia. Msaidizi akatangaza kwa sauti: umeme umezimwa, tafuteni waya wa bluu, ukateni, uungeni upya kwa lehemu. Wenzangu wakavamia. Koleo zinalia kwa pamoja, kacha, kacha.

Mimi nikajiuliza. Umezimwa na nani? Nani kamwona akizima? Swichi iko nyuma ya pazia. Sisi huku mtu akikwambia chungu kimeepuliwa unaangalia mafiga kwanza. Nikachukua mita, nikagusisha pale waya unapoishia. Mita ikaruka! Umeme umo ndani, umetulia kama nyoka. Nikainuka nikasema kwa nguvu, mwongo huyu, umeme upo!

Wenye koleo mikononi wakazishikilia hewani.

Mwalimu Haidari akaja. Akasema ni umeme mdogo, haumuui mtu, uliachwa makusudi. Akauliza nani mwingine aliyepima kabla ya kukata. Hakuna. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema hakunifundisha mtu, mimi tu simwamini mtu yeyote.

Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema basi nusu ya kazi ninayo. Fundi wa ndege haamini maneno, anaamini mita. Akimaliza kazi yake, mwingine anakuja kuikagua, naye hamwamini. Hata koleo zinahesabiwa kabla ya kufunga, zisibaki ndani.

Kazi ambayo kila mtu anamchunguza mwenzake, na wanalipwa! Nilizaliwa kwa ajili ya hii. Nikaunga waya wangu, lehemu imeng'aa kama kishaufu cha puani.

Mlangoni, natoka, akaniita. Akauliza, kwa sauti ya chini, lile sufuria la chipsi niliwekea alama ya rangi gani.

Nilitaka ardhi ipasuke. Akasema yeye ni mtu wa Tabora, utani anaujua, ila hajawahi kurithiwa kwa simu kabla ya chakula cha mchana. Akasema nimsalimie mama yangu na kichaa. Majibu watapiga.

Njia nzima nimejiuliza: ule ulikuwa msamaha, au ananiwekea kinyongo?

Nyumbani nimemkuta Zaidi amelala mgongoni kwa Mwanamkuu, ameshiba uji, hajalia hata mara moja. Mwanamkuu kaniuliza safari ilikuwaje, macho yanamng'aa. Nikasema ya kawaida. Ziwa limenijaa mpaka nimeumia, na mwenye ziwa amelala kwa mwingine.

Alhamisi, 26 Juni

Leo wamemchukua.

Hapana, niandike haki. Leo nimemtoa. Usiku wa jana nimewaza: nikiitwa Dar na huyu bado ananing'inia, nitakwenda vipi? Na nisipoitwa, si ataachishwa tu? Alfajiri nikamwambia mama mkwe, ambaye tangu Jumamosi hajaondoka wala kunisemesha habari hiyo tena, mchukue. Ila asilale bila chandarua. Asipewe ubwabwa wa moto. Akiamka usiku ashikwe sikio, ndivyo anavyorudi kulala. Na asiambiwe mama kaenda wapi, aambiwe mama anarudi. Mama mkwe kasema mwanangu, mimi nimelea saba, hata huyo mumeo unayemwona ana ndevu nilimshika sikio.

Nimemfunga Zaidi mgongoni kwake kwa kile kitenge kipya. Nilijiandaa kwa kilio. Nilishajipanga nisigeuke, nisije nikamnyang'anya.

Hakulia! Kapunga mkono. Kakaa kwenye gari dirishani, anamwonyesha bibi yake ng'ombe. Hakugeuka.

Nimesimama pale barabarani mpaka vumbi likaisha. Lazima wamempa kitu. Mtoto wangu hawezi kuondoka hivyo hivyo bila kupewa kitu.

Nilipoingia ndani, kitandani pana viatu. Vya ngozi, vya kufunika, mtumba safi, kamba mpya. Na kando yake kiatu changu kimoja kilichopotea. Mwanamkuu kasimama mlangoni anauma kucha. Kasema alikichukua apeleke gulioni wapime saizi, maana Fundi Muhidini alimwambia karakanani hawaingii na ndala. Kasema Tahiri ndiye aliyewaambia wote toka siku ya kwanza, akawakanya wasinijulishe kwamba wanajua, eti nikijua wanajua sitakwenda. Na mama kaja kwa sababu ya hilo hilo. Kasema na yeye Mwanamkuu ndege anaziogopa hata zikiwa juu.

Nimevivaa. Vimenitosha barabara, kisigino na vidole.

Nimelia kidogo, kwa ajili ya Zaidi. Halafu nimekaa nikiwaza: mbona vinatosha hivi?

Jumamosi, 28 Juni

Simu! Namba nyingine mpya. Mwanamume, anasema ni Mwalimu Haidari. Kasema nimepata nafasi. Nifike Jumatatu tarehe 14 Julai, saa mbili asubuhi. Nije na cheti na viatu vya kufunika. Nikauliza na nini tena. Akasema basi. Nguo za kazi wanatoa, vifaa wanatoa, kitanda kipo.

Nilikuwa tayari kupiga vigelegele. Mdomo umeshafunguka. Nikaufunga.

Cheti na viatu? Ofisi gani hiyo? Mimi nilipojiandikisha kliniki tu nilirudishwa mara nne. Shule waliniambia nije na jembe, fagio, ndoo na kwanja. Halafu nyumba ya ndege wanataka cheti na viatu? Na viatu vyenyewe ninavyo tayari, nimevipata juzi! Nani anajua nina viatu? Mwanamkuu. Mwanamkuu hununua chipsi kwa nani?

Seleman! Kapata simu nyingine!

Lakini safari hii nimetumia akili, sikutukana. Nikamwekea mtego. Nikasema haya mwalimu, kadi ya kwanza ilikuwa namba ngapi? Akasema kumi na mbili, na mimi niliona vitone. Nani kamwambia? Nilimsimulia Fundi Muhidini. Muhidini naye hula chipsi.

Nikamwambia asante sana, nitafikiria, na chumvi apunguze. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema njoo tu, mtani wangu, njoo, tunakuhitaji huku.

Sidanganyiki mimi. Nimelala bila furaha, namsikilizia Zaidi ambaye hayupo. Mkono unatafuta sikio la kushika.

Jumatatu, 30 Juni

ALHAMDULILLAH! Nimepata nafasi. Ya kweli! Naandika tena nijione mwenyewe: nimepata!

Leo mchana wamepiga wenyewe, karakana halisi. Na tofauti nimeiona mara moja. Hakuna habari ya soksi wala upole. Mtu mkali, anapiga kelele, maana nyuma yake kuna mtambo unaunguruma mpaka maneno yanakatika. Injini ya ndege hiyo. Inafanana kidogo na mashine ya kusaga, lakini ndiyo injini zilivyo.

Kasema mimi ni nani na nina mtoto mmoja na mume yuko Maparoni. Kila kitu wanacho, ofisi hiyo! Kaniuliza kama nakumbuka siku ya kuripoti. Nikasema tarehe 14 Julai, saa mbili. Kasema hiyo hiyo, alikuwa ananipima kumbukumbu. Kisha akanipa vitu vya kuleta, na vilikuwa vingi, na alinikaripia nilipochelewa kuandika. Hapo roho yangu ikatulia. Ofisi ya kweli inakusumbua.

Na la ajabu kuliko yote: mizigo inapokelewa na wakala wao hapa Bungu, ikaguliwe kwanza. Wakala mwenyewe wamemteua Seleman! Nilikwenda kumpa habari. Hata yeye alishangaa, ilibidi aingie nyuma ya kabati la chipsi, mabega yanamtikisika. Nimemwonea huruma, hajawahi kupewa dhamana.

Kwa hiyo jioni hii nimemwandikia Tahiri ujumbe, na ninaunakili hapa usipotee:

Mume wangu, nimepata. Zaidi yuko kwa mama, jana alikula uji bakuli mbili na kumng'ata jogoo. Wewe ulinizunguka na dada yako, hilo tutaliongea ukirudi. Viatu ninavyo. Cheti ninacho. Bado vifuatavyo, nitumie kwa boti ya kwanza, vifike kwa Seleman kabla ya tarehe 10:

Kaa wakubwa kumi na wawili, wawe hai, kwa ajili ya mkuu wa karakana.

Kamba wabichi ndoo moja, wasiwe wadogo.

Nanga ndogo moja, ndege isipeperuke ninapokuwa ndani nafanya kazi.

Mafuta ya nazi chupa tatu, ya kulainishia nyaya.

Ndimu nyingi na pilipili kichaa mfuko mmoja. Hizi hawakueleza ni za nini, nadhani ni kwa ajili ya kutu.

Na uwahesabu kaa mwenyewe kabla ya kuwafunga, mume wangu, uniandikie idadi. Seleman ni mtu mwema ila ni mtani. Mimi simwamini mtu yeyote.